Mkufu Usionyamaza

Sheria ilikuwa wazi: mwanafunzi asiyeona avishwe mkufu wa shule, nao umsimulie kila kinachoonekana, darasani na nyumbani, bila kuficha kitu. Mkufu wa Tunu haukujua aibu wala heshima.

“Baba amehamisha paja la kuku kutoka upande wako,” ulisema familia ilipozunguka sinia la wali. “Sasa anamkonyeza mama. Mama anabana kicheko.”

Kombo akakohoa. Miaka yote alikuwa akimega upande wa mwanawe kimya kimya, na hakuna aliyewahi kulalamika.

“Baba ananikodolea macho,” mkufu ukaendelea.

“Uvue, mwanangu, tule kwa raha.”

“Ni kosa kisheria, baba,” Tunu akajibu kwa adabu zote.

“Basi zima taa, Mama Tunu! Tuone utasimulia nini.”

Giza likatanda.

“Sioni kitu,” mkufu ukakiri, na Kombo akacheka mpaka mabega yakamtikisika. Kisha akapapasa sinia. Akapapasa tena. Akagusa wali, akagusa pilipili, akagusa mfupa mtupu. Ndipo alipotambua kwamba gizani humo wageni walikuwa wawili, mwenyeji mmoja.

“Baba, mbona huli?” Tunu akauliza, mdomo umejaa.