Kamba za Viatu

"Kati ya sifuri na kumi, mzee, leo maumivu tuyape ngapi?" daktari alimuuliza Laurenti pale hospitalini Makambako.

Laurenti alivuta muda. Tangu apasuliwe mgongo mwaka jana hakuwa ameshika jembe. Kwenye mgowe, wanakijiji walipokusanyika kulimiana mashamba, yeye alikaa kando ya debe la ulanzi, pombe ya mianzi, akikosoa matuta ya wenzake, huku mkewe akibeba magunia ya viazi. Lakini wiki mbili zilizopita alichomwa sindano ya steroidi kwenye uti wa mgongo, na maumivu yakaisha kabisa. Na kesho mgowe ulikuwa shambani kwake.

"Nane," alisema kinyonge. "Nikikohoa, tisa."

Mkewe, aliyeketi pembeni, akamtazama kwa huruma.

Hapo Laurenti akaona kamba ya kiatu imefunguka. Mwaka mzima mkewe ndiye aliyemfungia. Safari hii akainama mwenyewe, paji la uso likagusa goti, akapiga fundo, akalikaza vizuri.

Kalamu ya daktari ilikuwa imesimama.

"Kaza na cha kushoto, baba," mkewe alisema taratibu. "Kesho tunaanzia kule bondeni."