Mguu wa Bibi Mwaija

Kifuniko cha sufuria kilicheza juu ya mafiga, tik, tik, tik, kabla jogoo wa Makuyuni hawajawika. Bibi Mwaija alikuwa amekaa mbele ya moto, mguu wa kushoto ameunyosha, kanga ameivuta hadi usoni. Maji yalikaribia kukauka ndipo akakumbuka kutia majani ya chai.

Leo angepata wageni. Si Naserian peke yake, bali basi zima.

Naserian alikuwa mwanafunzi wa kidato cha nne, mtoto wa wafugaji wa Handeni, aliyekuja kusoma huku akikaa bweni. Tangu masika alikuwa akifika kila Jumamosi kuosha kidonda cha bibi. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Maji ya chumvi aliyajaribu kwanza kwenye mkono wake mwenyewe, yasije yakamuunguza mgonjwa, na akimaliza alipuliza mguu polepole kama anayempulizia mtoto uji. Shuleni waliiita kazi hiyo kujifunza kwa kuhudumia jamii. Bibi Mwaija, ambaye nyumba yake haikuwa na mtu mwingine, alisema tu, "Mjukuu wangu amekuja."

Jana yake, Ijumaa, Naserian alipita jioni ili aandae mguu kwa ajili ya wageni.

"Unanifunga kama ndama," bibi alilalamika.

"Ndama wetu hawapigi kelele hivi, bibi."

"Ndama wenu hawana meno ya kukung'ata."

"Kwani wewe unayo? Hebu fungua kinywa nione!"

Walicheka wote wawili. Kisha Naserian akamwinua mguu kwenye mwanga wa mlangoni. Pale palipokuwa na shimo, ngozi mpya ilikuwa imeota, laini, inang'aa.

"Tazama, bibi. Kimefunga chote. Kesho wageni wakishaona, tunahamia kwa Mzee Semboja. Mwalimu amesema nyumba iliyopona tunaiacha."

"Mnaiacha?"

"Ndiyo furaha yenyewe, bibi!"

Bibi Mwaija alimpapasa kichwa kwa muda. "Furaha kubwa," akasema.

Kwa Naserian ilikuwa zaidi ya furaha. Walimu na vijana wa mikoa yote walikuwa wamekusanyika Korogwe mjini kwenye kongamano la taifa, na mchana wa Jumamosi yeye angepanda jukwaani kueleza kazi yake. Mama mmoja mgeni, kutoka Iringa, alikuwa ameahidi kumsomesha uuguzi kijana ambaye kazi yake angeiona imekamilika kwa macho yake. Ng'ombe wa baba yake Naserian walikufa kwa ukame. Hakukuwa na njia nyingine ya kwenda chuo.

Asubuhi hiyo ya Jumamosi, basi lilisimama barabarani. Wageni wakajaa uani, beji zikining'inia shingoni. Yule mama wa Iringa alikuwa mbele. Mwalimu Nicolaus, msimamizi wa kikundi cha Naserian, alirekebisha tai.

"Karibuni sana. Haya si maneno ya kwenye karatasi. Mtaona wenyewe. Haya Naserian, fungua."

Naserian alipiga magoti, akafungua bandeji huku akitabasamu. Mzunguko wa mwisho ulikuwa umelowa. Akasita. Kitambaa kilikuwa kimegandamana na mguu, akakibandua taratibu.

Kidonda kilikuwa wazi, chekundu, kipana kuliko kilivyokuwa wakati wa masika. Damu mbichi ikatiririka kuelekea kisigino. Kijana mmoja akageuka upande. Mama wa Iringa akaziba mdomo.

"Jana kilikuwa kimefunga," Naserian alisema. "Mwalimu, haki ya Mungu, jana kilikuwa kimefunga."

"Jana! Kwa hiyo kidonda kilisafiri, na usiku kimepata basi la kurudi?"

Baadhi ya wageni walicheka.

"Umempaka nini? Zile dawa zenu za porini?"

"Hapana, mwalimu. Maji ya chumvi tu, kama nesi alivyotufundisha."

Mwalimu aliinama mbele ya mkeka. "Shikamoo, bibi. Hebu tuambie ukweli, usiogope. Zaidi ya binti huyu, nani mwingine anakuja kuuhudumia mguu huu?"

Naserian alimtazama bibi. Neno lake moja tu lingetosha kumwokoa.

"Anayenifunga ni yeye," Bibi Mwaija alijibu kwa upole. "Hakuna mwingine anayekuja hapa."

Mama wa Iringa alitikisa kichwa, hakumtazama tena Naserian. "Bibi huyu asiachwe," akasema. "Kila wiki aje mtu."

"Atakuja mtu, mama. Nakuahidi." Mwalimu alimgeukia Naserian, wala hakupunguza sauti. "Wewe jukwaani hupandi. Na kuanzia leo hugusi mgonjwa tena. Mfunge upesi, tunaondoka."

Wageni wakarudi kwenye basi. Chai ya bibi ilibaki kwenye chupa, hakuna aliyeionja.

Naserian aliosha mguu huku akilia. Hata hivyo aliyajaribu maji kwenye mkono wake kwanza. Hata hivyo alipuliza. Akazungusha bandeji mpya, akafunga fundo kwa upande, lisimuumize bibi akilala.

Honi ikapigwa barabarani.

Bibi Mwaija alishika ncha ya kanga, akamfuta mjukuu wake machozi, shavu hili, kisha hili. Mkono ulipopita karibu na macho yake, Naserian aliziona kucha. Zilikuwa na damu iliyokauka, na chini ya ukucha wa kidole cha shahada palikuwa na kipande cha ngozi mpya, laini.

Bibi akaushusha mkono, akauficha ndani ya kanga.

"Bado hakijapona, mjukuu wangu," akanong'ona. "Jumamosi utakuja tena?"