Ombi Lisilo na Kichwa

Seva ilimfukuza tena. Sikutambui, ikasema, na mwandishi wa programu akaguna. Kufukuzwa na mashine ya shemeji yake, kweli dunia imekwisha.

Asubuhi alikuwa ameapa mbele ya bosi kwamba kabla ya chakula cha mchana mitambo ya kampuni mbili itakuwa inazungumza. Ikishindikana, bosi alisema, kazi yote apewe yule kijana wa upande wa pili. Kijana mwenyewe ndiye shemeji, mdogo wa mkewe, mtu ambaye yeye asingemkabidhi hata rimoti ya televisheni.

Akampigia simu.

"Shemeji, hiyo seva yako ina nini?"

"Haina kitu, shemeji. Ombi unaloitumia ndilo halina kichwa."

"Mimi unanifundisha vichwa?"

"Hata kidogo. Ila seva lazima ijue anayebisha ni nani. Ongeza mstari juu ya ombi, uuite Hodi, halafu weka neno lako la siri."

"Hujanipa neno lolote."

"Unalo. Kila mteja nimemwekea neno lililomkaa mdomoni. Lako huwezi kulisahau."

Mwandishi akakata simu. Ndiyo hasara ya kuwapa mazuzu seva, wanaigeuza kitendawili. Akajaribu jina lake, la kampuni, la mkewe. Akaweka hata tarehe ya harusi, ambayo ilibidi kwanza aitafute. Kila mara seva ilimfukuza kwa adabu ileile.

Mchana ukawadia, viatu vya bosi vikasikika koridoni. Hasira zikampanda. Kichwa cha ombi hakisomwi na mtu, alijiambia, kinasomwa na mashine. Bora amtukane shemeji huyu mjinga, walau roho itulie. Mbele za watu alimwita Mhandisi. Nyumbani, mlango ukishafungwa, alimpa jina jingine, na mkewe akilisikia huendelea tu na shughuli zake.

Akaandika: Hodi: boga-la-ukweni. Akatuma.

Seva ikafunguka. Taarifa zikamiminika kwenye kioo kama maji ya bomba, na bosi akaingia akitabasamu.

"Umeweza. Hebu nisomee, imejibu nini?"

Mwandishi akatazama mstari wa kwanza.

"Karibu, shemeji. Dada anakusalimu."