Watu Saba Wanasubiri

Mgeni alikuwa akimpangusa mzee nyusi kwa brashi alipohisi aproni yake imenaswa. Akatazama chini. Ni vidole vya mzee.

Akaganda. Kuvunja kidole cha sanamu ndani ya jumba la sanaa, tena siku ya mwisho ya majaribio ya kazi! Akavichomoa vidole kimoja kimoja, polepole, kama mtu anayemnyang'anya kijiko mtoto aliyelala. Havikuvunjika. Akavirudisha pajani, palipokuwa na tiketi, akatazama huku na huku. Hakuna aliyeona.

"Samahani, baba," akanong'ona. "Mimi na wewe hatujaonana."

Jina lake halisi hakuna aliyelitaka. Wafagiaji wenzake walimwita Mgeni tangu siku ya kwanza, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni: kamba yake ilikuwa hii wiki ya majaribio. Akifaulu, angepanga chumba, amfuate binti yake aliyemwacha kwa bibi. Asipofaulu, wifi yake, aliyempa godoro jikoni, alikwisha sema neno lake: "Wifi, jiko ni la kupikia."

Siku sita alisafisha vyoo. Leo, milango ikiwa imeshafunguliwa na wageni wameanza kuingia, msimamizi alimwita mbio. Aliyekuwa akisafisha Ukumbi wa Tatu alifukuzwa jana. Alikuta maganda ya machungwa sakafuni, akayazoa, kumbe ni jasho la msanii la miaka miwili.

"Humu usizoe kitu, usihamishe kitu," msimamizi alisema. "Glavu usivue. Brashi hii laini, nyuso na mabega, basi. Na ukiona yule mama wa mwavuli anapumua, usinipigie kelele. Ana mota kifuani."

"Anapumua?"

"Sanaa ya kisasa, Mgeni. Siku hizi hata mawe yanakohoa." Akaenda zake akicheka.

Ubao wa ukutani ulisema *Watu Saba Wanasubiri*, na kweli walisubiri, wenye vinyweleo mikononi na uchafu kwenye kucha. Mama wa mwavuli. Kijana aliyeinamia simu. Mjamzito. Mapacha wawili waliofanana hadi chunusi. Askari. Bwana aliyekalia sanduku lake. Na pembeni kabisa, kwenye benchi la ukutani, mzee wa koti la kijivu, mdomo umempinda upande mmoja kama anayebana kicheko.

Huyo ndiye aliyemteka Mgeni. Aliyemtengeneza hakuwa na mchezo: jasho kwenye paji, chozi kwenye jicho moja, viatu vipya vilivyokazwa kamba hadi huruma. Naye alipumua, tena kwa mkoromo mdogo, kama bawaba isiyotiwa mafuta. Na popote Mgeni aliposogea, macho yale yalimfuata.

Tangu afike mjini hakuna aliyemtazama hivyo. Kwenye ngazi za kwa wifi alisalimia majirani, wakamwitikia kwa kutafuta funguo mifukoni. Juzi alimwamkia mtu lifti nzima, ghorofa nane, akaja kugundua ana vitu masikioni anasikiliza mambo yake.

Basi akamsimulia mzee. Kila alipopitisha brashi begani pake alimwambia kidogo: binti yake ana miaka sita, analala na kandambili za mama yake chini ya mto. "Leo nikipita, kesho nampigia simu. Niombee basi, baba, maana wewe kazi yako ni kukaa tu."

Mdomo wa mzee ulitikisika.

"Eeh, cheka. Wewe si umeshaajiriwa."

Wageni nao walimpenda. Wachumba wawili walikaa naye wakapiga picha, mmoja kila upande.

"Huyu ndiye bora kuliko wote," msichana alisema. "Wale wengine unaona kabisa ni plastiki."

Saa sita ilipita. Mgeni alirudi upande ule, na mwanzoni hakujua ni kitu gani kimepungua. Halafu akajua. Ule mkoromo.

Kifua cha mzee hakikupanda wala kushuka. Kule, mama wa mwavuli alikuwa akipumua vizuri tu, kama anayemkebehi.

Vidole! Alipovichomoa alikata waya. Akaliona godoro, akaziona kandambili, vyote kwa mpigo. Angesema? Angefukuzwa kabla hajafika kwenye nukta. Akalivuta koti la mzee, likafunika kifua kisichokwenda, akahamia kwa askari.

Saa kumi na moja, jumba likifungwa, aliingia ofisini kurudisha glavu. Dada mmoja alikuwa ameketi mbele ya meza, simu mkononi, macho mekundu.

"Tumetangaza kwenye spika mara tatu, dada," msimamizi alimwambia. "Atakuwa ametoka nje."

"Nilimwambia anisubiri ndani. Tuna wiki mbili tu hapa, hajui hata jina la mtaa wetu."

Msimamizi alishusha pumzi, akageukia mlangoni. "Mgeni, hongera. Umepita. Jumatatu njoo uchukue sare."

Angeitikia tu, akaondoka. Aliufikia hata mlango. Roho ikamsuta.

"Bosi, nisikufiche. Nimeharibu kitu. Mota ya yule mzee wa koti la kijivu imezima. Tangu saa sita. Nadhani ni mimi."

Msimamizi alikuwa ameshaanza kuandika.

"Mzee gani?" akauliza bila kuinua kichwa. "Mle hatuna mzee."

Yule dada alikuwa amekwisha simama.