Picha ya Choo

Efrazia alifuta lenzi ya kamera yake ya picha za papo hapo kwa ncha ya kanga, akaielekeza kwenye choo kipya nyumbani kwa mzee mmoja wa kijiji. Picha hiyo tu ndiyo iliyobaki kuambatishwa na maombi yake ya kusomea uzamivu wa afya ya jamii ng'ambo. Bahasha ilikuwa iondoke na basi la jioni hiyo, la sivyo nafasi ingempita.

"Baba, sogea mlangoni."

Mzee akarudi nyuma, akicheka kwa aibu. "Kwenye choo cha mke wa mwanangu? Unitakie mema, bibi afya!"

"Kwani wewe huingii?"

"Anapoingia mkwe, nitaingiaje? Sisi wazee tuna migomba yetu."

Akaionyesha kwa kidevu. Ilikuwa kwenye mteremko, juu ya kijito walichochota maji ya kunywa.

"Mbona hamkuniambia?"

"Ulituuliza? Mlikuja na wakubwa wa wilaya, mkasema kila nyumba choo kimoja. Tukapiga makofi."

Katika bahasha Efrazia alikuwa ameandika kwamba kijiji kizima kinatumia vyoo. Na masika yaliyopita, kuhara kulipomchukua mjukuu wa mzee huyu, alimkemea mama mtu matangani kwa kutochemsha maji.

Akaomba jembe, akaanza kuchimba choo cha pili, cha wazee.

Shimo lilikuwa limefika magotini honi iliposikika barabarani.

"Basi lako hilo, mwanangu."

"Nimelisikia, baba."

Giza lilipoingia aliliacha jembe shimoni hadi kesho. Mama wa marehemu akamletea maji ya kunawa.

"Nimeyachemsha," akasema.