Tope Jeupe

Siku hizi maji hugawiwa kwa ushahidi wa tope la kale kutoka chini ya ziwa. Tope likionyesha kwamba mto uliwahi kukauka, serikali huona utakauka tena. Bonde lake hufungiwa mfereji na watu huambiwa wahame.

Mume wangu, Sikazwe, ndiye mchimba tope. Tabaka jeusi ni miaka ya mvua, jeupe ni ya ukame. Nilimuuliza kama nipande mpunga.

"Panda, mama Nachula. Tope ni jeusi tii."

Nikapanda. Leo mfereji umefungwa, mpunga ndio kwanza unachanua. Tangazo linasema tope letu ni jeupe kama unga wa muhogo.

"Ulijua?"

"Tunaapishwa, mke wangu. Kutoa siri ni jela."

Karibu nimwonee huruma. Kisha nikamkumbuka mama yake, ambaye Sikazwe alimpeleka milimani kabla sijapanda, eti kifua kinamsumbua. Waliondoka na milango ya nyumba yake. Mgonjwa wa kifua hang'oi milango.

"Na mama ulimwambia nini?"

"Yule ni mama yangu," alijibu, kisha akakinga mikono nimmiminie maji ya kunawa, kutoka ndoo yetu ya mwisho.