Kisiki cha Mama

"Hii mashine inaweza mti mnene kiasi gani?" mshairi aliuliza, na Ombati akajua mambo yake yamekwisha.

Alikuwa amesimama nyuma ya nyumba yake mjini Migori, msumeno wa injini mikononi, magunia ya makaa yakimsaliti nyuma yake. Hakukuwa na mpasua mbao asiyemjua mshairi huyo, Nicanor Oguta. Juzi tu kule Awendo alimsomea shairi mpasua mbao mwenzake, mbele ya chifu na kwaya ya kina mama, hadi yule bwana akalia, akasalimisha msumeno wake na kupewa miche ya parachichi. Siku hizi anauza ndizi stendi.

"Inaweza yoyote, Mwalimu," Ombati alisema. Kumdanganya mtu anayesomwa redioni kulimshinda.

"Safi. Kesho asubuhi nakuja na pikapu. Beba mashine, tunaenda kwetu Homa Bay. Kesho kutwa niko na wageni."

Habari za wageni hao zilikuwa zimeenea. Ni wazungu wa shirika fulani la misitu, na walikuwa wanakuja na tuzo. Mwaka huo wa 1996 kitabu cha Nicanor, *Kisiki cha Mama*, kilisomwa redioni kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, na Bhoke, mkewe Ombati, hakukosa hata mara moja. Humo Nicanor alisimulia maisha yake yote. Akiwa mtoto aliamshwa na mlio wa msumeno, akatoka nje na kukuta mkuyu wa boma lao umelazwa chini. Mama yake akajilaza juu ya kisiki, akakataa chakula, akafa kabla ya mvua kubwa. Tangu siku hiyo mshairi huketi juu ya kisiki kile kila anapotunga. Wageni walikuwa wamepanga kuweka shada moja la maua kwenye kisiki na jingine kwenye kaburi la mama.

Jumapili ya kifo hicho, Bhoke alilia hadi ugali ukaungua. Ombati alitoka nje akasema anaenda kuangalia mbuzi. Hawakuwa na mbuzi.

"Anataka nikatubu mbele ya wazungu," alimwambia mkewe jioni hiyo.

"Si utubu," Bhoke alisema. "Wewe umeua mama za watu wangapi?"

"Hii mashine ndio inalisha hii nyumba, Bhoke."

"Tutakula parachichi."

Alisema hivyo bila kucheka, na Ombati akaona hana mtetezi. Alikaa akiupangusa ule msumeno kwa kitambaa. Alikuwa ameupata kwa jasho, baada ya kukata nguzo za mashimo ya dhahabu kule Osiri kwa msumeno wa mkono hadi mabega yakapinda. Kuuacha kulimuuma kweli. Lakini kile kitabu nacho kilikuwa kimemwingia. Kila alipoegemeza mashine kwenye mti siku hizi, alimwona mama ya mtu. Kufikia asubuhi alikuwa ameshakata shauri kwamba atautoa, na autoe kwa moyo mmoja.

Nicanor alikuja na pikapu ya kuazima. Alivaa koti lenye vifungo vya mbao. Mbao ya mti gani, hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Umejaza petroli?" aliuliza walipofika njiani.

"Nimejaza, Mwalimu."

"Na mnyororo umenoa?"

"Inanyoa ndevu."

Mshairi alitabasamu, akaanza kuimba wimbo wa kanisani. Ombati alifikiri kidogo, akaelewa. Wazungu hawawezi kutoka kwao mpaka hapa waje waonyeshwe msumeno butu. Watataka kuusikia ukinguruma kwanza, ndipo mwenye dhambi ausalimishe na picha zipigwe. Njia nzima alijifundisha maneno yake kimyakimya: mimi Ombati nimekata, sitakata tena. Mara mbili machozi yalimlengalenga, akasingizia vumbi.

Mji wa Homa Bay waliupita, wakaingia njia ya vumbi inayoshuka kuelekea ziwani, na pikapu ikasimama katikati ya boma. Ilisimama kivulini. Mkuyu mkubwa ulikuwa umefunika ua mzima, kuku wakichakura kwenye mizizi yake, nguo zimeanikwa kwenye tawi la chini. Mlangoni mwa jiko, mwanamke mzee alikuwa akigeuza omena, dagaa wa ziwani, juani juu ya wavu uliochakaa.

Ombati hakuviangalia hivyo vyote. Aliruka chini, akatoa msumeno, akampelekea mshairi kwa mikono miwili kama mtu anayetoa sadaka.

"Mwalimu, chukua. Mimi nimeacha kabisa. Nionyeshe kisiki, niiweke hapo juu, kesho wageni waikute."

Nicanor alimtazama asimwelewe.

"Nyathina," yule mwanamke aliita, akijifuta mikono kwenye leso. "Mwanangu, mbona umekonda hivyo? Watu wanasema unasomwa kwa redio. Hii redio uliniletea inashika stesheni ya Mwanza tu. Na huyu mgeni ni nani?"

"Ni fundi, Mama."

"Karibu, fundi. Kaa hapo chini ya mti, naleta uji."

Aliingia jikoni akicheka mwenyewe, miguu yake ikiwa na nguvu tele. Ombati alimsindikiza kwa macho mpaka akapotelea ndani. Kisha akainua kichwa taratibu, akaufuata mkuyu kutoka mizizini hadi kileleni.

"Mwalimu," alisema. "Hao wageni wanafika saa ngapi?"

"Kesho saa nne." Nicanor alikuwa ameshavua koti na anakunja mikono ya shati. "Washa mashine, bwana. Tuanze na mti."